Mpaka Tarehe Nne Julai

Kalemie, tarehe 11 Machi 2024

Kwa Bwana Mkuu wa Mikopo,
Koperative Nguzo, Kalemie

Bwana Mkuu,

Nakusalimu. Mimi ni Maliki Sefu, mwanachama wenu, mwenye mkopo wa nyumba wa dola elfu nne na mia nane. Nimelipa miezi kumi na tisa bila kukosa hata mmoja, na daftari lenu ni shahidi yangu. Karatasi za parseli yangu, kile kiwanja cha nyumba, ziko kwenu, ndani ya kabati la chuma, nami sijawahi kuziulizia.

Sasa nimeelemewa. Ziwa limepanda na kuingia ndani ya depo yangu ya samaki karibu na bandari. Magunia kumi na moja ya ndagala yameoza, yamekuwa chakula cha bata. Dola mia moja na thelathini kila mwezi siziwezi tena. Naomba mnipunguzie ziwe hamsini, mpaka tarehe 4 Julai mwaka huu. Baada ya siku hiyo mtu atafika bironi, ofisini kwenu, tupange upya, na kile kilichopungua kiongezwe mwishoni mwa mkataba. Siombi kusamehewa, naomba kupumua.

Naomba pia mnijibu kwa barua. Simu yangu iliingia maji safarini.

Wenu,
Maliki Sefu

*

Kalemie, tarehe 14 Machi 2024

Chadia mdogo wangu,

Barua hii nimeipa boti ya Moba, mkononi mwa yule mama anayeuza mawese. Sipigi simu kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu wa nyumba yenu. Kaa chini kwanza, tena mlango uwe umefungwa.

Maliki amekufa. Amekufa tarehe 27 Februari kule Ankoro, homa ya siku tatu tu, na Waislamu wa pale wakamzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Rubens, mwenye mtumbwi aliyezoea kumbeba na samaki wake, ndiye aliyeniletea habari. Alishuka kwenye treni tarehe 6, na mkoba wa Maliki begani, akasimama mlangoni. Alinipa mkoba, na karatasi ya kifo yenye muhuri wa serikali ya Ankoro. Karatasi hiyo nimeishonea ndani ya mto, na kichwa changu ndicho kinachoilinda.

Sijamwambia mtu. Nimemwapisha Rubens naye anyamaze. Utasema nimerukwa na akili, lakini nisikilize. Koperative wakijua mwenye mkopo amekufa, watadai pesa yote mara moja, na mimi sina. Na Abdoul-Karim, kaka yake wa Kigoma, akijua, atavuka ziwa kuja kuketi katika nyumba ya ndugu yake. Unajua mimi na Maliki hatukujaliwa mtoto. Mjane asiye na mtoto hupewa sufuria zake na nauli.

Kwa hiyo nakaa eda yangu kimyakimya. Sitoki, sijipambi, sipokei wageni wanaume. Majirani nimewaambia mguu unaniuma. Siku za eda zinaisha tarehe 4 Julai. Siku hiyo nitatoka, nitatafuta kazi ya kufanya, nitakwenda mwenyewe koperative nikiwa na kitu mkononi. Mpaka hapo Maliki awe hai. Nimewaandikia barua kwa jina lake, nikaomba tulipe dola hamsini kwa mwezi, nikasema simu yake imeingia maji. Saini yake naijua, nimeiona kwenye kila risiti kwa miaka kumi na minne.

Mama Éliane, jirani yangu, amenipelekea barua hiyo. Akaniambia, "Umusalimie Papa Maliki, umuambie atuletee karanga za Ankoro." Nikasema nitamwambia.

Ramadhani imeingia. Nafuturu peke yangu, Chadia, na mara mbili nimetenga sahani mbili.

Dada yako,
Salama

*

Koperative Nguzo
Kalemie, tarehe 22 Machi 2024

Bwana Maliki Sefu,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, maana watu wanaodaiwa hawana desturi ya kutuandikia. Wengi wakiniona barabarani huvuka upande wa pili. Nakushukuru kwa heshima hiyo.

Ombi lako linaweza kuangaliwa. Kwanza, sharti ufike mwenyewe bironi na kitambulisho, usaini fomu ya kubadilisha mkopo. Pili, nieleze kitu kimoja. Malipo yetu ni kila tarehe 30. Watu huomba nafuu mpaka mwisho wa mwezi, mpaka mavuno, mpaka Noeli. Wewe umeomba mpaka Alhamisi, tarehe 4 Julai. Komite itaniuliza kuna nini siku hiyo, nami sitakuwa na jibu.

Nakungoja. Biro inafunguliwa saa mbili.

Pontien Kabange
Mkuu wa Mikopo

*

Kalemie, tarehe 12 Aprili 2024

Bwana Pontien,

Salamu za Idi, hata kama si sikukuu yako. Nisamehe kwa kutofika. Leo napanda treni kwenda Kabalo, na kutoka hapo nitaendelea kwa mtumbwi mpaka Ankoro, kuna watu wanaonidai na ninaowadai. Nikirudi nitakuja.

Kuhusu tarehe 4 Julai, ni hesabu yangu tu ya biashara. Siku hiyo kuna mzigo utakuwa umefika.

Mama Éliane anakuletea dola hamsini za mwezi wa tatu. Ni chache, lakini ni safi. Naomba risiti iandikwe jina langu, Maliki Sefu, herufi zote.

Wako,
Maliki Sefu

*

Moba, tarehe 25 Aprili 2024

Dada Salama,

Nimelia siku nane, na watu wa hapa wananiuliza nalilia nini. Nimesema jino. Shavu halikuvimba, lakini mama mkwe amenichemshia majani na nimeyanywa, machungu kama nini. Hayo nayo yako juu yako.

Nimekasirika, nakuambia wazi. Yule mtu alinibeba mgongoni siku niliyovunjika mguu, akanitafutia pesa za shule, akampa mwanangu, Maliki wangu mdogo, jina lake. Nami sina ruhusa ya kumlilia mbele za watu! Umekaa peke yako na msiba kama ni mali yako. Hata hitima hajasomewa hapo kwake.

Halafu sikiliza. Abdoul-Karim amepita hapa juzi na boti ya Kigoma. Akaniuliza, "Maliki iko wapi? Napiga simu haiite. Alikosana na mimi?" Nikamwambia, simu imeingia maji. Akanipa shati jipya nikuletee umpe. Ninalo hapa, bado liko ndani ya plastiki. Mimi sitasema uongo mara ya pili, Dada.

Umeuza nini kupata hizo dola hamsini? Usinifiche.

Chadia

*

Koperative Nguzo
Kalemie, tarehe 6 Mei 2024

Bwana Maliki,

Dola hamsini za Machi na hamsini za Aprili zimeingia. Risiti mbili ziko ndani ya bahasha hii, na jina lako herufi zote.

Habari nyingine si nzuri. Komite imekaa. Bila wewe mwenyewe na bila fomu, hakuna nafuu. Kwa vitabu vyetu umebaki nyuma, na mkopo ukibaki nyuma miezi mitatu, nyumba inatangazwa. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kazi yangu kukuandikia hivyo.

Jumanne nilipita kwako. Nilitaka kukuona kabla ya hapo. Mke wako alinijibu akiwa nyuma ya mlango: "Haiko, Papa. Alienda Ankoro, hajarudia bado." Nikamwomba maji ya kunywa, maana kilima chenu si mchezo. Akayaweka kwenye kizingiti, akarudi ndani, ndipo akaniambia nichukue. Nilikunywa nimesimama uani. Uani mmefagia vizuri. Baiskeli niliyokuwa nakuona nayo sokoni sikuiona.

Nikuambie pia, barua zako zinasomeka vizuri kuliko za watu wengi. Hapa mezani kwangu zinakuja bahasha za matangazo na malalamiko. Mimi si mtu wa Kalemie, natoka Kabalo, na familia yangu iko huko. Jioni nikifunga biro sina wa kuzungumza naye mpaka asubuhi. Haya hayahusu mkopo, lakini nimeshayaandika.

Njoo, Bwana Maliki, au mtume mtu mwenye maneno ya kweli.

Pontien Kabange

*

Kalemie, tarehe 9 Mei 2024

Chadia,

Nimeuza bangili za arusi na baiskeli yake. Sasa unajua.

Yule mtu wa koperative alikuja. Nilimwona kwa tundu la ufunguo, mtu mnene, mzee kidogo, shati limelowa jasho. Nilidhani amekuja kupima nyumba. Alikunywa maji, akakiosha kikombe mwenyewe kwenye pipa, akakirudisha kizingitini. Akaondoka bila kutazama paa. Nilikaa nyuma ya mlango mpaka miguu ikafa ganzi.

Unanikasirikia, na una haki. Lakini nikuambie kitu ambacho sikukuambia. Mwanzo niliandika ile barua kwa hofu tu. Halafu jibu likaja. Mama Éliane akaniita, "Mama Salama, kuna barua ya bwana yako!" Nikaifungua: Bwana Maliki Sefu. Nakungoja. Chadia, hakuna mtu mwingine duniani anayemngoja Maliki. Watu wanamsalimia kwa mdomo tu, wakipita. Huyu anamwandikia, anamuuliza maswali, anataka kujua mawazo yake. Nikishika kalamu kumjibu najiuliza, Maliki angesema nini hapa? Na nasikia kabisa angesema nini, hata na kile kikohozi chake kabla ya kuanza kusema.

Najua nyumba itatangazwa. Najua hesabu haifiki Julai. Najua. Usiniandikie kunieleza.

Weka shati. Usilitoe kwenye plastiki.

Salama

*

Ankoro, tarehe 20 Mei 2024

Bwana Pontien,

Mke wangu ameniambia kwa simu ya watu kwamba ulifika kwetu, na kwamba ulikiosha kikombe. Asante. Samahani kwa kukuacha umesimama.

Biashara hapa Ankoro ni ngumu, na sijui nitarudi lini. Kwa hiyo nataka koperative ijue jambo moja kabla hamjatangaza chochote. Ile nyumba sikuijenga peke yangu. Matofali ni elfu sita, na Salama alibeba zaidi ya nusu yake kwa kichwa, kutoka kwenye tanuri mpaka juu ya kilima, mwezi wa kiangazi, wakati mimi niko safari na samaki. Niliporudi kuta zilikuwa zimefika madirishani. Nilizunguka nyumba yote, nikamwambia kona moja imepinda.

Ilikuwa imepinda kweli. Lakini ningesema kwanza asante. Sikusema siku hiyo, wala siku nyingine, nikaona anajua. Mtu hajui kitu ambacho hajaambiwa. Nasema sasa, kwako, kwa kuwa wewe unatunza karatasi: Salama, nakushukuru. Nyumba ni jasho lako.

Kama nikichelewa kurudi, msimtoe humo.

Maliki Sefu

*

Kalemie, tarehe 3 Juni 2024

Kwa Bwana Maliki Sefu, au yeyote anayefungua barua zake,

Unaona situmii karatasi ya koperative. Hii nimeandika nyumbani, kwa kalamu yangu.

Barua yako ya Ankoro, ya tarehe 20 Mei, niliipata mezani tarehe 21. Mimi ni mtu wa Kabalo, na baba yangu alifanya kazi kwenye reli. Kutoka Ankoro mpaka hapa, mtumbwi na treni vikikupenda sana, ni wiki. Tena imeandikwa kwenye daftari lile lile la mraba, lenye doa la mafuta pembeni, kama mbili za kwanza. Na mkataba wenu una saini mbili, ya mume na ya mke. Nimeziweka mbele yangu pamoja na barua tatu. Sikufanya hivyo kwa kukuchunguza. Nilifanya hivyo kwa sababu ile barua ya tatu iliniliza, nami si mtu wa kulizwa na barua za wadaiwa.

Sikuulizi kitu. Nikiuliza, jibu litaingia bironi na kuwa karatasi. Nakusimulia tu. Dada yangu Francine aliolewa na Mwislamu kule Kabalo. Mume wake alipofariki alikaa ndani miezi minne na siku kumi. Kila Jumapili nilimpelekea unga, naye akaniuliza kupitia pazia, "Zimebakia ngapi?" Nilijifunza kuzihesabu. Juzi nimehesabu kutoka tarehe 4 Julai kurudi nyuma. Nimefika mwishoni mwa Februari, nikaweka kalamu chini.

Sasa soma vizuri. Mkataba wenu umeandikwa kwa Kifaransa, na najua jinsi tunavyowasomea watu siku ya kusaini: mbiombio, huku wengine wanapanga foleni mlangoni. Kipengele cha 14, kwa Kiswahili, kinasema hivi. Siku ya kuchukua mkopo, kila mtu alikatwa dola arobaini na nane za mfuko wa mshikamano. Mwenye mkopo akifariki, mfuko huo unalipa deni lote lililobaki. Lote. Na karatasi za parseli zinarudishwa mkononi mwa yule aliyesaini naye mkataba. Siyo kwa kaka, siyo kwa mjomba.

Lakini kifo kiwe kimetangazwa kwetu na aliyesaini, pamoja na karatasi ya serikali, ndani ya siku mia moja na ishirini. Zikipita hata kwa siku moja, mfuko haulipi, na deni linabaki juu ya nyumba. Kama kuna mtu humo ndani anayehesabu siku, ajue kwamba za kwetu zinaisha kabla ya zake. Hesabu yangu inasema kati ya tarehe 23 na 26 mwezi huu.

Kama nimekosea, na Bwana Maliki yuko hai na anacheka akisoma haya, basi nitafurahi kuliko yeye, na aje anitukane bironi.

Pontien

*

Kalemie, tarehe 18 Juni 2024

Papa Pontien,

Hujakosea.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na nne. Nilikuwa nasubiri niweze, na sikuweza. Jana ilikuwa Idi ya kuchinja. Mama Éliane aliniletea wali, yeye Mkristo, akasema, "Wewe peke yako kila siku kuu, huyu bwana yako hana haya?" Amemsema Maliki vibaya mbele yangu. Miezi yote hii nimemfanya aonekane mwanaume asiyejali nyumba yake. Hilo sikulifikiria hata siku moja, na hilo ndilo lililonishinda.

Basi naandika. Mume wangu Maliki Sefu amefariki Ankoro tarehe 27 Februari 2024. Karatasi ya serikali ninayo. Niliishonea ndani ya mto, leo nimeukata. Barua tatu mlizopata zilitoka kwangu, maneno na saini. Kama ni kosa la kufungwa, semeni. Sikutaka kula pesa ya mtu. Nilidhani mkijua mtanitoa, kumbe kujua kwenu ndiko kungeniweka. Siku ya kusaini nilisimama nyuma ya Maliki, nikaonyeshwa mahali pa kuandika jina, nikaandika. Nimejua kusoma tangu nina miaka saba, na sikusoma.

Kesho saa tatu nitafika bironi kwa miguu yangu. Dini yangu inaniruhusu kutoka mchana kwa shida ya lazima, na hii ni ya lazima. Mama Éliane atanisindikiza. Bado hajui. Nitamwambia njiani, tukiwa tunashuka kilima, ili asipate nafasi ya kukaa chini na kulia kabla hatujafika.

Hii ni mara yangu ya kwanza kukuandikia. Sijui kumaliza vizuri kama yeye.

Salama binti Yusufu,
mjane wa Maliki Sefu

*

Koperative Nguzo
Kalemie, tarehe 9 Julai 2024

Mama Salama,

Pole kwa msiba. Nilikuambia ulipofika, na nikakuambia tena mbele ya komite, lakini nataka uwe nayo kwa maandishi.

Komite imeamua. Deni limelipwa na mfuko, lote lililokuwepo siku ya kifo. Dola mia moja ulizoleta baada ya hapo zinarudishwa kwako. Najua haziwezi kurudisha bangili. Karatasi za parseli ziko ndani ya bahasha hii kubwa. Usimpe mtu azishike, hata akiwa mpole.

Haikuwa rahisi, uliona mwenyewe. Wawili walitaka kukataa. Walisema mtu aliyekufa Februari hawezi kuomba nafuu Machi, Aprili na Mei, huo ni udanganyifu, na wakaweka barua zako mezani moja kando ya nyingine. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kukutetea, na sikuhitaji hata moja. Ulipoulizwa kwa nini, ulisema, "Muntu moja tu njo alikuwa anamuandikia bado. Nikiacha kujibu, atakuwa amekufa kweli." Karani alisahau kuandika. Ilibidi nimkumbushe kushika kalamu.

Nimepewa barua ya onyo kwa kufichua kipengele cha mkataba nje ya biro. Mimi niliamini mkataba ni wa waliosaini, lakini tuyaache. Adhabu yangu ni kuhamishwa, kuanzia Septemba, kwenda tawi la Kabalo. Hawakuuliza mke wangu anaishi wapi.

Barua tatu zenye jina la mume wako zimetolewa kwenye faili. Komite imesema si za koperative, kwa sababu hakuna mwanachama aliyeziandika. Nilipaswa kuzichana. Nakurudishia.

Ilikuwa vizuri kuandikiana na ninyi wawili.

Pontien Kabange

*

Kalemie, tarehe 21 Julai 2024

Chadia mdogo wangu,

Sasa mpigie simu yeyote umtakaye, lia mbele ya yeyote umtakaye. Mwambie mama mkwe kwamba jino limepona.

Nyumba ni yangu. Karatasi nimezishonea mahali pengine, usiniulize wapi.

Watu wamekuja, na hawakuja kama wanavyokuja kwenye msiba. Waliketi ukingoni mwa mikeka. Wakina mama waliniambia nianze kukaa eda, nikawaambia nimeshamaliza. "Ulimaliza na nani?" wakauliza. Nikasema peke yangu. Wakatazamana. Kuna waliokasirika kwa sababu walimtumia salamu maiti. Mama Éliane siku ile njiani hakulia, alinishika mkono tu akabana mpaka vidole vikauma, na hakuuachia mpaka mlangoni kwa koperative. Lakini tangu siku hiyo haji tena bila kubisha hodi. Zamani alikuwa anaingia tu. Hilo linaniuma zaidi ya wale wanaonisema sokoni.

Abdoul-Karim alivuka ziwa. Siku ya kwanza alilia, alilia kweli, akaweka paji la uso ukutani. Akasema alikuwa anafikiri ndugu yake amemchukia. Siku ya pili tukasoma hitima. Siku ya tatu akaniuliza karatasi za parseli ziko kwa nani. Nikamwambia ziko kwa aliyesaini. Akaomba chai, na Alhamisi akarudi Kigoma. Nilimpa lile shati ulilolituma kwa boti, akalirudishe dukani au alivae mwenyewe. Alilivaa.

Sasa natoka. Nimeanza kununua ndagala kidogo kidogo kwa wale wanawake wa bandarini, naanika kule juu ambako ziwa halifiki. Jioni narudi, nafungua mlango wangu, naingia ndani ya nyumba yangu. Nilidhani nikipata kuiokoa nitalala kama mtoto. Ni vyumba viwili, Chadia, na naisikia saa ya ukutani nikiwa popote.

Nimepekua kila kitu chake kwa sababu ya hitima, nikitafuta kitu chenye mwandiko wake. Hakuna. Miaka kumi na minne alikuwa safari, akipiga simu, na hakuwahi kuniandikia mstari mmoja. Zipo risiti zenye saini, basi. Kwa hiyo zile tatu alizonirudishia Papa Pontien ndizo barua pekee za mume wangu nilizo nazo. Mbili nimeziweka ndani ya mkoba. Ile ya Ankoro, ambamo ananishukuru kwa matofali, naisoma kila asubuhi kabla ya kutoka. Najua ni nani aliyeiandika. Naisoma tu.

Dada yako,
Salama